Murang'a: ardhi iliyopimwa mara mbili

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kenya ikijiandaa kwa uhuru, wapima ardhi walirudi kwenye migongo ya Murang'a kuanza upya kazi waliyokuwa wameshaimaliza. Wilaya hiyo, ambayo Waingereza waliiita Fort Hall, ilikuwa imejumuishiwa mashamba yake katika miaka ya vita vya Mau Mau, uasi wa Wakikuyu dhidi ya Waingereza: vipande vilivyotawanyika vilihesabiwa, vikajumlishwa, na kila mwenye haki akaonyeshwa shamba lake moja. Sasa mipaka ikafutwa. Watu waliokuwa wamekwisha kuhama, kujenga na kupanda wakaambiwa kwamba sehemu yao iko kwingine.

Nyeri na Kiambu zilipitia zoezi hilohilo bila kurudiwa namna hiyo. Kwa hiyo Murang'a inatupa nafasi adimu, kwa sababu hapa serikali ya kikoloni yenyewe ilikiri kwamba hesabu haikukaa sawa. Nimeichagua pia kwa sababu nyingine. Vita vya Mau Mau tumezoea kuvisimulia kwa msitu: Kimathi, kiongozi wa wapiganaji, na ngozi yake ya chui, bunduki za kuunda kwa bomba la maji, viapo vya usiku. Mkulima aliyebaki shambani huonekana katika simulizi hiyo akiwa mpeleka chakula au msaliti, kisha anatoweka. Ilhali wengi hawakuingia msituni kabisa, na swali la nani angebaki mkulima baada ya vita lilikatwa hukohuko shambani, kwa mnyororo wa kupimia.

Kwanza nchi yenyewe. Mito ya Murang'a inateremka kutoka milima ya Nyandarua kuelekea mashariki, na kati ya mto na mto kuna mgongo mrefu, mwembamba, wenye miteremko mikali pande zote mbili. Ukiufuata mgongo mmoja kutoka chini hadi ukingoni mwa msitu unapita hali ya hewa tatu au nne. Mbari, yaani uzao wa mtu mmoja aliyeifyeka au kuinunua ardhi zamani, ilikuwa na githaka yake, yaani eneo lake la ardhi, na mzee mmoja aliyeitwa muramati aliisimamia kwa niaba ya wenzake. Ndani ya githaka kila mke alikuwa na vipande vyake: kimoja mtoni cha nduma na miwa, kingine mteremkoni cha mahindi, maharagwe na njahi, pengine cha tatu juu kwenye baridi, cha viazi au cha miwati, ile miti ambayo maganda yake yaliuzwa kwa ajili ya kusindika ngozi. Afisa kilimo akitazama haya aliona vurugu tupu. Mama mwenye vipande hivyo aliona bima. Mvua ya mawe ikipiga huku, kule kumepona. Mvua fupi zikikosa kule chini, juu ukungu umeleta unyevu.

Kisha kulikuwa na muhoi. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wakikuyu walimpa mgeni jembe pamoja na mahali pa kulitumia. Muhoi (wengi wao ni ahoi) alikuwa mtu asiye wa mbari aliyeomba kulima kwa urafiki au kwa ukwe. Hakulipa kodi ya fedha. Alileta pombe, alisaidia kujenga, alikuwa upande wa mwenyeji wake pakitokea ugomvi. Kwa desturi angeweza kuambiwa aondoke, na kwa kawaida hakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu kana kwamba ni kwake, lakini ziko familia za ahoi zilizokaa mahali pamoja vizazi kadhaa. Hata ununuzi wenyewe haukuwa na mwisho ulio wazi. Ardhi iliyotolewa kwa mbuzi na kondoo mara nyingi iliweza kukombolewa kwa kurudisha mbuzi na kondoo, na mabaraza yalijaa kesi za watu waliobishana kama babu aliuza kabisa au aliweka rehani.

Nikieleza hivi sitaki msomaji adhani palikuwa na pepo fulani iliyoharibiwa na mzungu mwenye daftari. Kufikia miaka ya 1940 mfumo huu ulikuwa unavunjika wenyewe kwa ndani. Nyanda za Juu zilikuwa zimetengewa walowezi wa Kizungu. Watu walizaliana ndani ya mipaka isiyosogea. Wazee wa mbari na machifu waliokuwa na fedha walianza kuwafukuza ahoi ili walime kwa biashara. Kutoka Bonde la Ufa nako walianza kurudi maskwota, Wakikuyu waliokuwa wameishi kwenye mashamba ya walowezi wakilima na kufuga kwa kubadilishana na siku za kazi. Sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, iliwapa walowezi wa kila wilaya mamlaka ya kupunguza mifugo ya maskwota na kuongeza siku zao za kazi, na wengi waliona afadhali waondoke. Walirudi kudai githaka ambazo wengine wao hawakuwahi kuziona.

Jibu la serikali lilikuwa matuta. Udongo wa miteremko ulikuwa ukishuka mtoni, hilo ni kweli, na baada ya Vita Kuu ya Pili amri ikatoka kwamba watu wachimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko, asubuhi kadhaa kila wiki, bila malipo. Watu hao walikuwa wanawake. Wanaume wengi walikuwa Nairobi au kwenye mashamba ya walowezi. Julai 1947 mkutano mkubwa Murang'a uliazimia kwamba wanawake wasichimbe tena, na kazi ikasimama. Mwaka uliofuata wanawake walikataa tena, wakaandamana, wakakamatwa. Mwaka 1951 walirudi barabarani, safari hii kwa sababu ya chanjo ya ng'ombe. Baada ya ng'ombe waliochanjwa kufa, wanawake walichoma vizuizi vya mbao vilivyotumika kuchanjia. Ukitaka kujua vita vya uhuru vilianza lini kwa mkulima wa Murang'a, tarehe hizi zina uzito kuliko ile ya Gavana Evelyn Baring, 20 Oktoba 1952, alipotangaza hali ya hatari.

Matuta hayo yashike akilini.

Miaka miwili ya kwanza ya vita haikumwondoa mkulima nyumbani kwake, ingawa ilimbana. Ng'ombe walikamatwa kwa adhabu ya pamoja. Wakikuyu kwa makumi ya maelfu walirudishwa kutoka Bonde la Ufa kwa malori, na vyungu na kuku wao, kwenye migongo iliyokuwa imejaa tayari. Ukanda wa maili moja kando ya msitu ukawa eneo la marufuku, na aliyekuwa na shamba humo alilipoteza kwa muda wote wa vita. Mahindi, migomba na miwa, mimea mirefu inayoweza kumficha mtu, ikafyekwa kando ya barabara na karibu na vituo vya ngati, wale askari wa kijiji waliokuwa upande wa serikali. Wapiganaji nao walikuja usiku wakitaka chakula. Mama alipika ugali mmoja ambao ungeweza kumfikisha jela kwa kuutoa na kaburini kwa kuunyima.

Juni 1954 serikali iliamua kuwakusanya watu wote vijijini. Wakikuyu hawakuwa watu wa vijiji. Kila boma lilikaa mbalimbali kwenye shamba lake. Sasa walipewa muda mfupi kubomoa nyumba zao na kujenga nyingine kwenye mistari, chini ya kituo cha ngati chenye mnara na handaki lililochomekwa vijiti vyenye ncha. Nyumba za zamani zilichomwa. Hadi mwisho wa 1955 watu zaidi ya milioni 1 walikuwa wameingizwa katika vijiji 854 katika nchi ya Wakikuyu. Waliotetea mpango huu walisema ulileta usalama, shule na maji karibu, na kwa familia za ngati kijiji kilikuwa kweli mahali salama, kwa kuwa wao walikuwa wakiuawa katika nyumba zao za upweke. Kwa wengine kilikuwa kambi ambayo shamba liko nje yake.

Hapa ndipo maisha ya kilimo yalipobadilika kabisa, na ni jambo dogo la saa. Mlango wa kijiji unafunguliwa asubuhi. Kabla ya kwenda kwako kuna kazi ya ulazima: barabara, kufyeka vichaka, kuchimba handaki kubwa la kutenga msitu, lile la upande wa Mlima Kenya likiwa na urefu wa maili 50 hivi. Kisha utembee hadi shambani, labda saa nzima, ulime, ukusanye kuni na maji, urudi kabla ya kafyu. Kijiji kikishukiwa kuwalisha wapiganaji, adhabu ilikuwa kafyu ya saa 23. Saa moja iliyobaki ndiyo ya shamba, mto na jiko. Mavuno yaliwekwa kijijini chini ya ulinzi, ng'ombe walilala kwenye zizi moja lililolindwa. Palizi ikachelewa, nyani na ngedere wakala mahindi bila kufukuzwa, na njaa ikaingia mahali ambapo udongo ulikuwa mzuri kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Watoto walivimba miguu kwa utapiamlo, Msalaba Mwekundu ukagawa maziwa.

Na kati ya kazi za ulazima za kijiji palikuwa na kuchimba matuta. Yaleyale. Walichokikataa wanawake mwaka 1947 mbele ya DC, mkuu wa wilaya, asiye na askari wa kutosha, walikifanya mwaka 1955 mbele ya ngati wenye bunduki, na taarifa za idara ya kilimo zikahesabu maili za matuta kwa fahari.

Msimamizi wa mawazo mapya ya kilimo alikuwa Roger Swynnerton. Mpango wake, ulioandikwa mwishoni mwa 1953 na kuchapishwa 1954, ulipata pauni milioni 5 kutoka Uingereza, na sehemu kubwa ya mawazo yake ilikuwa ya mkulima kweli. Swynnerton alikuwa ametumikia Tanganyika kwa miaka mingi kabla ya kuja Kenya. Huko Moshi aliwaona Wachagga wakilima kahawa kwenye vihamba vyao na kuiuza kupitia chama cha ushirika cha KNCU. Kwa hiyo hadithi ya walowezi wa Kenya, kwamba Mwafrika akipewa mbuni ataleta magonjwa na wizi, haikumwingia. Alijua hofu halisi ni kwamba mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya jirani. Alitaka Wakikuyu wapande kahawa, chai na pareto, wafuge ng'ombe wa gredi, yaani chotara wa maziwa, wapande majani ya napier. Ili hayo yawezekane alitaka kila mmoja awe na shamba moja lenye mpaka na hatimiliki, ambalo benki ingelikubali kuwa dhamana.

Alisema wazi pia kitakachofuata. Mwafrika mwenye uwezo, bidii au fedha atajipatia ardhi zaidi, mkulima mbaya au maskini atabaki na kidogo, na nchi itakuwa na tabaka lenye ardhi na tabaka lisilo nayo. Hiyo, aliandika, ni hatua ya kawaida katika kukua kwa nchi. Namheshimu kwa kutoficha. Tatizo la sentensi ile liko kwenye neno uwezo. Katika Murang'a ya 1956, uwezo ulikuwa nini? Wanaume wengi waliokula kiapo walikuwa kwenye kambi za kizuizini: Manyani, Mackinnon Road au visiwa vya Ziwa Victoria. Disemba 1954 peke yake waliozuiliwa bila hukumu walikuwa zaidi ya 70,000. Waliokuwa nyumbani na sauti ya kusemea walikuwa chifu, ngati, mwalimu wa misheni, mwenye duka aliyekuwa na cheti cha uaminifu. Maofisa hawakuiona hali hii kuwa kikwazo. Kwao ilikuwa bahati: wachochezi wako kambini, watu tayari wamekusanywa vijijini, kwa hiyo hakuna nyumba za kubomoa shambani unapochora mipaka mipya. Kazi ambayo wakati wa amani ingechukua kizazi kizima ingeweza kumalizika kwa miaka michache.

Sasa tuone ilivyofanyika. Kila lokesheni, yaani eneo la chifu mmoja, ilipata kamati ya wazee, ambayo chifu na ofisa wa serikali walikuwa na mkono mrefu katika kuiteua. Kamati ilisikiliza madai: kipande hiki cha nani, alikipataje. Kipande kilichokubaliwa kilipimwa kwa mnyororo na kuandikwa. Vipande vyote vya mtu vikajumlishwa, asilimia fulani ikakatwa kwa ajili ya barabara, shule, soko na kijiji, kisha akapewa jumla iliyobaki mahali pamoja.

Chukua mfano wa hesabu tu, si wa mtu yeyote. Mtu ana vipande 5 vya jumla ya ekari 6. Viwili, vya ekari 2 pamoja, analima kwa uhoi. Hivyo vinarudi kwa mbari yenye githaka; yeye ana 4. Kipande kimoja cha ekari 1 baba yake alikipata kwa mbuzi 15 na mwenye kukitoa amekuja kusema anakomboa. Kama mtu wetu yuko mbele ya kamati anabishana, anawaita mashahidi, anataja rangi za mbuzi. Kama yuko Manyani, anawakilishwa na ndugu aliyeachwa, au na mkewe ambaye baraza la wazee halikumzoea kuwa msemaji wa ardhi, au na mzee wa kamati asiyempenda. Tuseme anapoteza ekari hiyo. Zimebaki 3, ukikata ya barabara na shule, pungufu ya 3. Na hizo hazina mto wala baridi: ni mteremko mmoja, wenye hali ya hewa moja. Nduma zimekwenda.

Mahali pa shamba palikuwa na thamani kuliko ukubwa. Ekari 3 kando ya barabara na karibu na kiwanda cha kahawa cha ushirika si sawa na ekari 3 kwenye korongo ambako hata punda huteleza. Waliochagua mahali walikuwa watu wale wale wa kamati. Sheria ilisema aliyezuiliwa kambini hapotezi haki yake. Aliyepigana msituni, ndiyo, kwa Sheria ya Kunyang'anya Ardhi ya 1953, kama Dedan Kimathi na Stanley Mathenge walivyonyang'anywa. Lakini kati ya kupoteza haki na kupewa korongo kuna nafasi pana, na katika nafasi hiyo ndimo kamati ilimofanyia kazi.

Na pa kulalamikia palizibwa. Mwaka 1957 ilitoka sheria ya kusimamisha kesi za ardhi kwenye mahakama za Waafrika katika maeneo yanayojumuishwa. Mwaka 1959 ikaja sheria ya usajili, iliyoweka msingi kwamba usajili wa kwanza haupingwi mahakamani, hata ukidai ulipatikana kwa hila. Waswahili tuna msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Muhoi wa Murang'a alipata funzo la upande wa pili: ardhi yake ilipotea siku daftari lilipofunguliwa, na habari zake zote zikiwa zimeandikwa.

Neno lenyewe la vipande lina uchungu wake, nikiruhusiwa kutoka nje ya mada kidogo. Kwa Mkenya wa kizazi hicho, kipande kilikuwa pia kitambulisho cha kazi alichovishwa shingoni kwenye kikebe cha chuma tangu miaka ya 1920. Alivuliwa kipande cha shingo, akaja kupokonywa vipande vya shamba.

Upinzani ulikuwepo hata ndani ya vijiji. Chama cha siri cha Kiama Kia Muingi, Baraza la Umma, kilikua kuanzia katikati ya miaka ya 1950 miongoni mwa watu waliotoka kwenye mtandao wa viapo, na mgawanyo wa ardhi ulikuwa moja ya malalamiko yake makubwa. Kilipigwa marufuku 1958.

Kwa nini basi Murang'a ikaanguka na wengine wakasimama? Sidhani ni kwa sababu wazee wa Murang'a walikuwa wala rushwa kuliko wa Nyeri. Huko Nyeri zoezi lilianza mapema, katika maeneo kama Tetu ya chifu Muhoya, ambako chifu alikuwa na nguvu na watu walianza kubadilishana vipande wenyewe kwa wenyewe. Murang'a ilianza kwa kuchelewa na kwa haraka, kwenye miteremko mikali kuliko kwingine. Mnyororo ukilazwa juu ya mteremko unapima ngozi ya kilima. Ramani inataka upana wa kilima ukitazamwa kutoka juu, na tofauti hiyo kwenye mlima mkali si ndogo. Ongeza kipande kilichoandikwa mara mbili kwa majina mawili, kipande kilichovimbishwa kwa kuku na shilingi kadhaa, na kipande cha mtu aliye kambini ambacho hakikuandikwa kabisa. Jumla ya daftari ikakataa kulingana na ardhi iliyopo, na watu wa mwisho kugawiwa wakajikuta wana ekari kwenye karatasi ambazo mgongo wao hauna.

Katika Kiambu na Nyeri hila za namna hiyo zilikuwepo bila shaka, ila hesabu zilifunga, na hesabu ikifunga hila haionekani. Kilichoifichua Murang'a ni jiometri.

Kulikuwa na sababu ya pili, na hii ni ya kisiasa. Kufikia mwanzo wa 1960 hali ya hatari ilikuwa imeondolewa. Kifo cha wafungwa 11 huko Hola, waliopigwa na walinzi Machi 1959, kilikuwa kimeitikisa London. Wazuiliwa walikuwa wamerudi kwa maelfu na kuiona migongo yao imechorwa upya, na safari hii walikuwa na KANU na mikutano ya hadhara. DC hakuweza tena kuwajibu kwa kafyu. Kosa la vipimo lilipotajwa, palikuwa na watu wa kulishika.

Wakarudia. Kupima upya kuliwasaidia baadhi ya waliorudi, hasa wale waliokuwa na haki ya mbari ambayo haikubishaniwa, kwa kuwa sasa walisimama wenyewe mbele ya kamati na kuonyesha jiwe na mti wa mpaka. Ingefaa mtu akitaja dhuluma ya ujumuishaji wa Murang'a aseme pia kwamba ilirekebishwa kwa kiasi. Lakini kilichorudiwa ni kipimo. Kanuni haikurudiwa. Muhoi alibaki si mwenye haki. Jina kwenye daftari lilibaki la mwanaume, na vipande vya wake, ambavyo kwa desturi mume asingevigusa bila ugomvi wa ukoo mzima, vikayeyuka ndani ya shamba moja ambalo mume angeweza kuliweka rehani benki bila kumwambia mtu. Nikiulizwa nani alishindwa katika vita vya Kenya, ningewataja hao wawili, muhoi na mke, kabla ya mpiganaji wa msituni: mpiganaji angalau alikuja kupata wimbo.

Na kilimo? Kilikua. Hili haliwezi kuzungukwa. Wakulima wa Murang'a walioruhusiwa walianza na mibuni 100 tu, kiwango kilichowekwa mwanzoni kwa Waafrika, huku upande wa pili wa Thika na Ruiru wakiyaona mashamba makubwa ya walowezi. Mbuni unahitaji miaka mitatu minne kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo aliyeupanda 1956 alikuwa anasema jambo fulani kuhusu nani atakuwa mwenye ardhi hii 1960. Vibali vya kupanda vilikwenda kwanza kwa waaminifu wa serikali. Uhuru ulipofika 12 Disemba 1963 hao ndio waliokuwa na kahawa inayochumwa, watoto shuleni na viti kwenye kamati za ushirika. Matuta yalizuia udongo, ng'ombe wa gredi walitoa maziwa. Ushauri wa kilimo wa Swynnerton ulikuwa mzuri kwa yeyote aliyekuwa na ardhi ya kuutumia.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema mpango ule ulikuwa njama tupu, wala na wanaousifu kwa tani za kahawa bila kuuliza kalenda yake. Kahawa haikuhitaji vita. Wachagga waliilima bila hali ya hatari, bila kuondolewa kwenye vihamba. Kuunganisha vipande nako kungeweza kusubiri hadi watu warudi. Mmomonyoko wa miaka minne usingeimaliza Murang'a. Kilichohitaji haraka ni kuwa na tabaka la wenye mashamba walioshikamana na serikali kabla wenzao hawajatoka kambini.

Wasio na ardhi walitawanyika. Wengine waliingia kwenye mashamba yaliyonunuliwa kutoka kwa walowezi chini ya mpango wa ekari milioni 1 ulioanza 1962, kwa mkopo, wakilipia ardhi ambayo baba zao waliifanyia kazi wakiwa maskwota. Wengine walibaki Mwea, ambako wazuiliwa walichimba mifereji ya umwagiliaji kwa mikono kuanzia 1954. Mchele wa pishori tunaoupikia pilau hadi Mombasa unatokana na mpunga unaomwagiliwa kwa mifereji hiyo. Miaka ya 1970 baadhi yao walifika mbali kabisa, Mpeketoni katika Lamu, na huko wakakutana na watu wa pwani wenye malalamiko yao wenyewe ya ardhi isiyopimwa.

Wengine hawakwenda popote. Baada ya ujumuishaji, mwenye shamba la kutosha aliruhusiwa kutoka kijijini na kujenga kwake. Asiye na shamba alibaki kwenye kijiwanja chake kidogo mahali palipokuwa chini ya mnara. Kituo cha ngati kilibomolewa, handaki likajazwa takataka na migomba. Vijiji hivyo bado vipo Murang'a, Nyeri na Kiambu. Serikali na magazeti huviita vijiji vya kikoloni. Wengi wanaokaa humo ni wajukuu wa ahoi, nyumba zimebanana kama zilivyopangwa 1954, wengi hawana hatimiliki ya mahali wanapolala, na asubuhi watu hutoka kwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya juu, yale yenye mipaka.